Kimya cha Mtandao: Mfano wa Luvungi, 2010

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kimya cha mtandao nacho ni habari, na kwamba Walikale ilijifunza hayo kwa uchungu.

Katika kundi la kompyuta zinazotumia hifadhi moja ya mafaili, seva ya akiba husikiliza ishara fupi za seva kuu, ziitwazo mapigo ya moyo. Zikikoma, ile ya akiba hushika nafasi yake. Hata hivyo, hapana budi fundi aulize kwanza: imekufa seva, au umekatika waya tu? Maana seva mbili zikiandika kwa pamoja, mafaili huharibika.

Swali hilo halikuulizwa Walikale. Tangu 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivamia vijiji 13 vya barabara ya Kibua–Mpofi, Luvungi kikiwamo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Kituo cha MONUSCO kilikuwa Kibua, kilomita kama 30 kutoka Luvungi. Lakini simu za mkononi hazikushika huko, na kimya hakikumshtua mtu.

Agosti hiyohiyo MONUSCO ilitangaza utaratibu mpya: vijiji viwasiliane na vituo kila siku, na kijiji kisichosikika kidhaniwe kuwa matatani. Baadaye mitandao ya tahadhari ilienezwa, Masisi pia.

Hata hivyo, kijiji hakina cha akiba cha kushika nafasi yake. Kwa hiyo kimya kikitokea, ama ni betri ya foni iliyokwisha, ama ni watu wanaouawa, na hakuna njia ya kujua ila mtu kwenda huko usiku uleule.