Nani Atamlipa Fundi? Programu Huria Katika Masoko Madogo

Hapa Kajaga, karibu na barabara ya Gatumba, jirani yetu mmoja ameandika programu ya maduka ya dawa. Inahesabu dawa zilizobaki na kuonya zile zinazokaribia kuisha muda, kwa Kirundi na Kifaransa. Wateja wake ni tisa. Nilimuuliza kwa nini asiifanye huria, yaani kila mtu aruhusiwe kuitumia, kuona ilivyoandikwa na kuibadilisha. Alicheka. "Halafu mimi nile nini, mdogo wangu?"

Swali hilo ni la zamani. Februari 1976, Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza BASIC kwa ajili ya kompyuta ya Altair, na watu walikuwa wakinakiliana bure. Alidai kwamba wenye Altair walioinunua hawakufika asilimia 10. Leo ni rahisi kumwona mchoyo, kwa kuwa tunajua alivyotajirika baadaye. Lakini siku zile soko lake lilikuwa dogo, na kila nakala ya bure aliihesabu kama jirani yangu anavyohesabu maduka yake.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa Linux bure, nayo ikastawi. Tuangalie walioipokea walikuwa nani. Wengi walijua kuandika programu. Aliyeona kasoro aliweza kuirekebisha na kumrudishia. Muuza dawa hawezi. Yeye akiona kasoro anapiga simu, tena usiku. Kwa hiyo fundi wa soko dogo akitoa kazi yake bure hapati mafundi wenzake, anapata wapiga simu. Na akitokea mjanja mmoja akaibadilisha jina na kuwachukua wateja wanne kati ya tisa, biashara imekwisha. Kampuni yenye wateja milioni isingehisi kitu.

Mtu atauliza: mbona Afrika Mashariki tunayo mifano? Tunayo, na mkubwa ni OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza mwaka 2004 katika ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, wakati wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakitibiwa walikuwa wakiongezeka kuliko karatasi zinavyoweza kubeba. Mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, kisha ikaenea nchi nyingi. Ila mafundi wake hawakungoja kliniki zinunue nakala ndipo wale. Vyuo na wafadhili walikuwa wanalipa. Kuitoa bure hakukumnyima mtu chakula cha jioni.

Mlipaji naye huondoka. Mifos, programu huria ya taasisi za mikopo midogo, ilitolewa mwaka 2006 na Grameen Foundation. Mwaka 2011 shirika hilo likajiondoa, na kazi ikabaki mikononi mwa jumuiya ya watumiaji na mafundi. Ilinusurika, maana msimbo ulikuwa wazi na wengine waliweza kuendelea nao.

Hapo ndipo nilipopata hoja ya kumrudishia jirani. Miaka hii Ziwa Tanganyika limepanda, maji yameingia nyumba za Kajaga, na kazi yake yote imo katika kompyuta moja iliyo juu ya kabati. Akipatwa na jambo, maduka tisa hayana pa kwenda. Kuifanya huria bado amekataa, na siwezi kumlaumu. Lakini wiki iliyopita alinakili msimbo wote kwenye flashi, akaitia katika bahasha, akaifunga kwa gundi na kumkabidhi mteja wake wa kwanza. Juu yake aliandika kwamba isifunguliwe yeye akiwa hai.