Nafuu Iliyopitia Benki

Watakaoandika historia ya korona nchini wasiisahau Kalinzi yetu. Machi 2020 shule zilipofungwa, mama muuza maandazi jirani yangu alipoteza wateja wake kwa siku moja. Mei, Benki Kuu ilitoa nafuu: riba yake kwa mabenki ilishuka kutoka asilimia 7 hadi 5, na mabenki yakaruhusiwa kuwapa wadaiwa muda zaidi. Hatua njema, sikatai. Lakini jirani yangu hakudaiwa na benki. Alidaiwa unga dukani. Hata kikomo cha miamala ya simu kilipandishwa, kutoka shilingi milioni 3 hadi 5 kwa siku. Muuza maandazi azitoe wapi? Shule za msingi zilifunguliwa Juni 29. Deni la unga alikuwa amekwisha kulilipa kwa kuku wake wote.