Seva Pepe Si Punje Tupu

Mkulima wa mpunga wa Kyela au Ifakara akisikia neno "pepe", hafikirii kompyuta. Kwake pepe ni punje iliyobaki ganda tu, haina kiini. Wakati wa kupeta hupeperuka pamoja na makapi, na shamba likitoa mapepe mengi, msimu umeharibika. Akiambiwa kwamba benki yake imehamishia taarifa za wateja kwenye seva pepe, ana haki ya kushtuka.

Neno hili lilizoeleka kwenye kompyuta kupitia barua pepe, ambako wengi hulihusisha na upepo na kupepea: ujumbe unaofika bila karatasi wala bahasha. Baadaye likabebeshwa dhana nyingine, na sasa kuna uhalisia pepe, mashine pepe na seva pepe. Hapo ndipo maana zilipogongana. Katika barua pepe, neno linatuambia kwamba barua hiyo ni ya kielektroniki. Katika seva pepe haliwezi kuwa na maana hiyo, kwa sababu hata seva ya chuma, inayonguruma kwa feni zake chumbani, ni ya kielektroniki.

Basi upepe wake uko wapi? Mwaka 1974 wanasayansi wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, walichapisha makala iliyoweka masharti ambayo wataalamu wanayarejea mpaka leo. Kwa maelezo yao, mashine pepe ni nakala ya mashine halisi, iliyotengwa na nyingine na yenye ufanisi. Programu iendeshwe ndani yake kama ambavyo ingeendeshwa kwenye mashine halisi. Rasilimali zote zibaki mikononi mwa msimamizi mmoja. Na sehemu kubwa ya maagizo itekelezwe moja kwa moja na kichakataji chenyewe. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwa mtafuta istilahi. Linasema kwamba mashine pepe haiigizi kazi. Inaifanya. Wala wawili hao hawakuwa wakiota: miaka miwili kabla, IBM ilikuwa imetangaza VM/370, mfumo uliogawa kompyuta moja kubwa kuwa mashine pepe nyingi.

Fundi anapoandaa seva pepe leo, tuseme kwa KVM, ambayo imekuwa sehemu ya Linux tangu 2007, anaanza kwa kutaja mahitaji: vichakataji viwili, kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 40. Diski hiyo ni faili tu ndani ya kompyuta mwenyeji. Ikiwa ni ya aina ya qcow2, mwanzoni haifiki hata MB 1, kisha hukua kadiri data zinavyoandikwa. Anaiwasha. Mfumo endeshi wa mgeni, kama unavyoitwa, unakagua vifaa vyake, unakuta kadi ya mtandao na kuanza kuitumia. Hakuna atakayeishika kadi hiyo kwa mkono, lakini data zinazopita humo zinafika kweli upande wa pili wa dunia. Mgeni akijaribu agizo lisilomhusu, kama kugusa vifaa vya mwenyeji, kichakataji kinamsimamisha na kumkabidhi kwa haipavaiza, yule msimamizi wa wageni wote. Haipavaiza hushughulikia ombi, kisha humrudisha mgeni pale pale alipoishia, naye haoni kwamba alikatizwa.

Kwa miaka mingi vichakataji vya kompyuta za kawaida havikuweza kufanya hivyo kikamilifu, kwani baadhi ya maagizo nyeti yalipita bila kukamatwa. VMware, iliyoanzishwa 1998, ililikwepa tatizo kwa kuyatafsiri maagizo hayo wakati programu inaendelea. Intel iliweka msaada ndani ya kichakataji chenyewe mwaka 2005, AMD mwaka uliofuata. Mwaka huo wa 2006 Amazon ikaanza kukodisha seva pepe kwa saa kupitia EC2, huduma iliyojengwa kwa sehemu kubwa na timu iliyokuwa Cape Town, Afrika Kusini. Jambo hilo linastahili kusemwa zaidi kuliko linavyosemwa.

Sasa linganisha na meza ya michezo ya vita. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpa mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia meza yenye droo, iliyojaa vigae vya mandhari vya kupanga na kupangua: hapa mto, pale kijiji, kule kilima. Wapenzi wa mchezo huo leo hukata vilima kutoka kwenye povu gumu jeupe, lile linalofungwa na runinga mpya ndani ya boksi, wakavipaka gundi, mchanga na rangi. Kazi ni nzuri na huhitaji mkono wenye subira. Lakini mto wa mezani haumloweshi mtu, na daraja lake halivushi kikosi. Huo ni mfano, na Kiswahili kina maneno yake: mfano, kielelezo, mwigo. Anayeziita seva hizi "za kuigiza" anazipeleka kwenye meza ya Reisswitz, mahali pasipo pake.

Mei 2015 ulimwengu ulikumbushwa tofauti hiyo kwa uchungu. Hitilafu iliyopewa jina VENOM iligunduliwa katika QEMU, programu inayowapa wageni vifaa vyao. Ilikuwa kwenye kidhibiti cha diski laini, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekuwa akikitumia tena, na ambacho kwenye seva hizo hakikuwepo kwa umbo lolote la kushikika. Hata hivyo mshambuliaji aliye ndani ya mgeni angeweza kukitumia kuvunja uzio na kumfikia mwenyeji.

Kwa sababu hiyo pia "seva ya kidhahania" haifai, maana dhahania hukaa kichwani na haiwezi kudukuliwa. "Seva ya mtandaoni" nayo haitofautishi chochote, kwa kuwa karibu kila seva iko mtandaoni. Pepe lina kasoro yake ya shambani, lakini ni fupi, limezoeleka, na linashikamana vizuri na jamaa zake: diski pepe, kichakataji pepe, kadi pepe. Kinachokosekana ni kamusi kulipa maana ya pili iliyo wazi, kando ya ile ya punje: kisicho na umbo lake chenyewe, ila kinatenda kazi kamili kwa kutumia umbo la kingine.