Neno "Divai" na Maasi ya Mwaka 1907

Wanafunzi wetu hujifunza mapema kwamba Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji cha zabibu: mvinyo, lililotoka katika Kireno, na divai, lililotoka katika Kifaransa. Tusilowaeleza mara nyingi ni kwamba huko Ufaransa damu ilimwagika watu wakigombea maana ya jina hilo. Katika toleo hili tunasimulia kisa hicho kwa ufupi.

Languedoc ni eneo la kusini mwa Ufaransa, kando ya bahari ya Mediterania. Mizabibu imelimwa huko tangu enzi za Warumi. Reli zilipojengwa katika karne ya 19, divai yake ya bei nafuu ilianza kupelekwa kwa wingi Paris na kwenye miji ya viwanda ya kaskazini, na wakulima wengi wakaacha mazao mengine.

Katika miaka ya 1860 alizuka mdudu mdogo kutoka Marekani, filoksera, anayeshambulia mizizi. Mashamba yalikauka. Dawa iliyofaa ilikuwa kubebesha mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya Kimarekani yanayostahimili mdudu huyo. Lakini wakati wa uhaba, wafanyabiashara walikuwa wamezoea kutengeneza "divai" kwa zabibu kavu, sukari na maji. Mashamba yalipopona, mazoea hayo hayakukoma. Sheria ya mwaka 1889 ilitamka kwamba divai ni kinywaji kilichochachuka kutokana na zabibu mbichi, ila usimamizi wake ulikuwa dhaifu. Kodi ya sukari ilipopunguzwa mwaka 1903, udanganyifu ukawa rahisi zaidi. Bei ikaporomoka, mkulima akawa na mapipa yaliyojaa na mfuko mtupu.

Tarehe 11 Machi 1907 wakulima 87 wa kijiji cha Argelliers, wakiongozwa na Marcelin Albert, walikwenda Narbonne kuonana na tume ya bunge. Kuanzia hapo mikutano ya Jumapili iliongezeka, hata tarehe 9 Juni watu laki kadhaa wakajaa Montpellier. Mameya walijiuzulu. Serikali ya Clemenceau ilileta jeshi, na tarehe 19 na 20 Juni watu sita waliuawa Narbonne. Askari wa kikosi cha 17, wengi wao wakiwa watoto wa eneo hilohilo, waliasi, wakatembea usiku kutoka Agde hadi Béziers. Baadaye walipelekwa Gafsa, Tunisia.

Tarehe 29 Juni sheria mpya ilipitishwa: kila mkulima atangaze kiasi alichovuna, na matumizi ya sukari yadhibitiwe.

Ikumbukwe kwamba udanganyifu haukuwa chanzo pekee. Wakulima wenyewe walikuwa wamepanda mizabibu mingi kupita kiasi, na divai ya Algeria nayo ilifurika sokoni. Sheria iliweza kulinda neno. Haikuweza kupunguza mavuno, na eneo hilo lilipata misukosuko mingine baadaye.

Hata hivyo, sisi tunaofundisha lugha tuna la kujifunza hapa. Maana ya neno haikai katika kamusi peke yake. Kwa mkulima wa Languedoc, kuyaita maji ya sukari "divai" kulikuwa ni kumnyang'anya mkate wake.