Usugu wa Bakteria wa Vidonda

Usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki ni hali ya bakteria kuendelea kuishi na kuzaana penye dawa ambayo awali iliwaua au kuwadumaza. Kwa asili, sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, kama kiganja cha mkulima. Maana ikapanuka hadi kwa mtu asiyesikia adhabu na maradhi yasiyopona. Tanzania, istilahi pana ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Wengine husema ukinzani. Vimelea ni pamoja na virusi na fangasi, hivyo kwa vidonda vilivyotunga usaha ni sahihi zaidi kutaja bakteria.

Mwenye usugu ni bakteria, si mgonjwa. Kauli kwamba "mwili umezoea dawa" inapotosha. Mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki anaweza kupata bakteria sugu wodini, kupitia mikono isiyonawiwa au vifaa visivyotakaswa vya kusafishia vidonda.

Usugu huanza pale chembe za urithi za bakteria wachache zinapobadilika. Dawa inapotumika, walio dhaifu hufa, na wachache hao hubaki na kuongezeka. Wengine hupokea usugu kutoka kwa bakteria jirani kupitia plasmidi, vipande vya urithi vinavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Staphylococcus aureus, mwenyeji wa kawaida wa pua na ngozi, ndiye anayeongoza katika maambukizi mengi ya vidonda. Hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini. Methisilini, isiyovunjwa na kimeng'enya hicho, ilianza kutumika mwaka 1959. Kufikia 1961 aina sugu ilikwisha kuripotiwa Uingereza. Aina hiyo ina protini ambayo dawa haiwezi kuishika. Pseudomonas aeruginosa, anayependa majeraha ya moto na kutoa usaha wa kijani, huisukuma dawa nje ya seli yake. Katika vidonda vya muda mrefu, bakteria hujikusanya chini ya utando unaoteleza ambao dawa huupenya kwa shida.

Usugu huthibitishwa maabara. Kidonda husafishwa kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha sampuli huchukuliwa kwa kijiti chenye pamba na kuoteshwa katika sahani. Bakteria walioota husambazwa kwenye sahani nyingine, kisha vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali huwekwa juu yake. Baada ya saa 18 hadi 24, duara tupu kuzunguka karatasi hupimwa kwa milimita: likiwa pana vya kutosha, dawa hiyo inafaa, bakteria wakiota hadi ukingoni mwa karatasi, ni sugu.

Kidonda kisicho na dalili za maambukizi kwa kawaida hakihitaji antibiotiki. Huhitaji kusafishwa, kuondolewa nyama iliyokufa na kufungwa vizuri. Kufungua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, desturi iliyoenea, hakutoi kipimo sahihi cha dawa na huwapa bakteria sugu nafasi ya kutawala. Wekundu ukienea, maumivu yakizidi, usaha ukitoka au homa ikipanda, mgonjwa apelekwe kituo cha afya, na dawa itumike kwa kiasi na muda ulioandikwa na mtaalamu.