Rangi ya Sungura Si Mbegu Yake

Wengi wa wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba hufuga sungura karibu na migomba, wapate kitoweo na fedha kidogo. Mtu akienda kununua dume la kuzalisha, pengine huambiwa, "Huyu mweupe ni New Zealand halisi, bei yake kubwa, yule wa kijivu ni wa hivi hivi tu." Naye hutoa fedha aliyoiweka kwa ada ya mtoto, kwa kuwa ameona weupe. Basi, yafaa tueleze asili ya wanyama hawa, tupate kujua kama rangi yatosha kuwa ushahidi.

Kwanza, sungura wa bandani si yule mjanja wa hadithi zetu. Yule wa porini huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka; huyu wa kufugwa huzaa watoto uchi, macho yamefumba. Asili yake ni Hispania na nchi za jirani, na Warumi wa kale walimfuga ndani ya nyua zenye kuta. Rangi yake ya mwituni ni hudhurungi ya kijivu. Alipozoea kufungiwa, walitokea weusi, weupe na wenye mabaka, na watu wakawatunza. Kufikia karne ya 16 rangi kadhaa zilikwisha kujulikana Ulaya.

Mbegu za nyama tuzisikiazo leo ni za juzi tu. Huyo aitwaye New Zealand alifanyizwa Marekani, na wekundu ndio waliotangulia, weupe walifuata. Huko Ufaransa, mwaka 1913, Dybowski aliwaonyesha watu Chinchilla, mwenye rangi ya kijivu kama fedha. Mwaka 1923 George West wa California alianza kuchanganya Chinchilla na Himalaya, kisha akatia New Zealand mweupe. Akapata sungura mnene, mweupe, mwenye pua, masikio, miguu na mkia wa rangi nyeusi. Lakini alama hizo alizirithi kwa Himalaya, naye Himalaya ni sungura mdogo. Kwa hiyo alama ni zile zile, na miili ni mbali mbali.

Sababu yake ilifahamika mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1905 Hurst wa Uingereza alitangaza majaribio yake, akaonyesha kwamba kanuni za urithi alizozivumbua Mendel zawahusu sungura pia. Kila mtoto hupokea fungu moja la rangi kwa baba na moja kwa mama, na fungu moja laweza kujificha nyuma ya jingine. Ndiyo sababu wazazi wawili weusi waweza kuzaa mtoto mweupe. Na weupe wawili wenye macho mekundu huzaa weupe watupu, wawe wakubwa au wadogo.

Jambo hili si geni kwetu. Ng'ombe wa pembe ndefu wa Karagwe na Buhaya wana rangi nyingi: wapo wekundu, weusi, weupe na wa mabaka. Mchungaji humwita kila mmoja kwa rangi yake, lakini hasemi kwamba mwekundu ni mbegu moja na mweusi ni nyingine. Wahunzi waliofua ng'ombe wadogo wa chuma kwa hazina ya wafalme wa Karagwe hawakuwa na rangi ya kuonyesha. Pembe ndefu zilitosha kumtambulisha. Rangi ni jina la mnyama mmoja. Umbo ndilo jina la ukoo.

Basi, mnunuzi na amwinue sungura mkononi. Apapase mgongo na mapaja kama yamejaa nyama. Ampime: New Zealand au California aliyekomaa, akilishwa vema, hufika kilo 4 au zaidi. Aombe kuwaona baba na mama, na aulize jike huzaa wangapi na huwalea wangapi mpaka kuachishwa. Naye mwenye kuuza na aandike daftari la vizazi, kwa maana pasipo daftari neno "halisi" ni maneno tu. Tena tusimdharau yule wa kijivu. Akiwa mzito, na watoto wake wakikua upesi, yeye ndiye mbegu njema, kwani tukisha mchuna hatuli manyoya.