Upuliziaji rangi wa malori ya zamani ya kijeshi

Upuliziaji rangi wa malori ya zamani ya kijeshi ni kazi ya kuandaa na kupaka rangi upya lori lililowahi kutumiwa na jeshi, kwa kutumia kompresa na kifaa cha kupulizia. Mara nyingi hufanyika baada ya lori kuuzwa kwa raia. Makala hii inahusu hasa mazingira ya Mbeya na Iringa katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako baridi, mvua na urefu kutoka usawa wa bahari huathiri kazi yenyewe.

Historia

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia misafara ya malori ya jeshi kutoka Afrika Kusini ilipita Mbeya na Iringa kwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ikielekea Kenya kupigana na Waitalia. Baada ya vita vifaa vingi vya jeshi viliuzwa. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulinunua masalio hayo kwa wingi, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Miaka ya baadaye malori ya Bedford yaliyotoka jeshi la Uingereza yalitumiwa na kampuni za kusafirisha watalii kuvuka Afrika kwa barabara.

Rangi ya jeshi

Rangi ya jeshi kwa kawaida haing'ai, kwa sababu mng'ao huonekana kutoka mbali juani. Uingereza ilitumia kijani cheusi kiitwacho Deep Bronze Green (namba 224 katika orodha ya BS 381C), kisha kijani cha NATO (namba 285). Ujerumani Magharibi ilitumia RAL 6014. Namba hizi zinamsaidia anayetaka kurudisha lori katika sura yake ya awali, kwani duka la kuchanganya rangi huhitaji namba, si jina la "kijani cha jeshi".

Rangi isiyong'aa ina kasoro mbili. Hushika vumbi na haisafishiki kwa urahisi, jambo linaloonekana haraka kwenye barabara za udongo mwekundu. Pia haiwezi kupigwa msasa laini na polishi ili kuficha kosa: palipochirizika panapaswa kusuguliwa na sehemu yote kupuliziwa tena. Kwa anayepuliza mara ya kwanza, rangi yenye mng'ao wa kiasi ni rahisi zaidi.

Maandalizi

Hii ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo ambayo wengi huiruka. Lori la jeshi huwa limepakwa mara nyingi, mara kwa brashi, juu ya rangi ya zamani bila kuikwangua. Rangi mpya ikiwekwa juu ya tabaka lililolegea hubanduka pamoja nalo. Kwanza lori huoshwa kwa sabuni na mafuta yote kuondolewa, hasa karibu na injini, ekseli na boksi la gia. Msasa ukitangulia, husugulia mafuta ndani ya mikwaruzo. Kutu hukwanguliwa hadi chuma kionekane, mashimo huzibwa kwa kuchomelea, na puti hutumika kwa mabonde madogo tu. Puti ikiwekwa juu ya kutu hufumuka baada ya muda mfupi.

Chuma kilicho wazi hupakwa praima siku ileile. Kikilala usiku mmoja wenye ukungu, kutu nyepesi huanza tena.

Kupuliza

Kifaa hushikwa sentimita 15 hadi 25 kutoka kwenye bodi, kikisogezwa sambamba nayo kwa mwendo usiobadilika, na kila mstari hufunika nusu ya ule uliotangulia. Kidole huachia kabla mkono haujageuka. Kuzungusha kiwiko kama anayefagia hufanya rangi iwe nzito katikati na nyepesi pembeni. Tabaka mbili au tatu nyepesi ni bora kuliko moja nzito. Ni vema kuanza na sehemu zisizoonekana, kama chesisi na ndani ya bodi ya mizigo, na kuacha milango na boneti mwisho, mkono ukishazoea.

Mbeya na Iringa ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo kompresa hutoa hewa pungufu kuliko ingetoa Dar es Salaam na huhitaji kupumzishwa ili ijae tena. Rangi nyingi hazikauki vizuri chini ya nyuzi joto 10, hali ya kawaida asubuhi za Juni na Julai. Umande ukiwa juu ya chuma, rangi haishiki au hupauka. Mafundi husubiri jua lipashe bodi, na humaliza mapema alasiri. Wakati wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, paa ni lazima.

Afya

Rangi za zamani za jeshi zinaweza kuwa na risasi au kromati. Zisisuguliwe zikiwa kavu; msasa wa maji hupunguza vumbi. Rangi zinazochanganywa na hadena mara nyingi huwa na isosianati, ambazo husababisha pumu ya kudumu, na kitambaa au barakoa ya karatasi haizizuii. Kwa rangi hizo kinachohitajika ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, si ya vichujio pekee, pamoja na mahali penye hewa ya kutosha, bila moto karibu. Msaidizi anayechanganya rangi huvuta hewa ileile, ingawa mara nyingi ndiye asiyepewa barakoa.

Sheria

Kadi ya usajili wa gari nchini Tanzania hutaja rangi, na mabadiliko huripotiwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kuhusu mavazi, Agosti 2023 JWTZ iliwapa raia siku saba kusalimisha nguo zinazofanana na sare zake. Agizo hilo halikuhusu magari, lakini mwenye lori lenye mabaka ya kijeshi atarajie kusimamishwa na kuulizwa maswali barabarani.